Kapseret: Nchi ya Baridi Yenye Jua Kali

Je, mboga na matunda tunayokula yaweza kuikinga ngozi isidhuriwe na jua na kupatwa na saratani? Mwandishi wetu alizuru Kapseret, viungani mwa Eldoret, akarudi na haya.

Msafiri anayetoka Eldoret kwenda Kapsabet hana budi kupitia Kapseret. Matatu huondoka mjini kwa makeke ya makanga na honi, hupita Langas, mtaa wenye watu wengi na vibanda vya kila aina, kisha polepole nyumba hupungua na mashamba yakatanda pande zote mbili za barabara. Hii ni nchi ya mahindi na maziwa. Ng'ombe wa madoadoa ya meusi na meupe hulisha nyuma ya nyua za miti, na mitungi ya maziwa husubiri kando ya njia ikingoja wachukuzi wa boda boda.

Hapa ndipo pia ulipo Uwanja wa Kimataifa wa Ndege wa Eldoret, yapata kilomita 16 kutoka katikati ya mji. Uwanja huo ulijengwa katika miaka ya 1990, na barabara yake ya kurukia ndege ina urefu wa kilomita 3 na nusu. Sababu moja ya urefu huo ni kwamba hewa ya huku ni nyepesi, kwa kuwa uwanja uko takriban mita 2,150 juu ya usawa wa bahari. Ndege iliyobeba mzigo mzito huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Eldoret yenyewe ilipandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Agosti 2024, lakini huku Kapseret bado jogoo ndiye anayeamsha watu.

Mgeni kutoka Mombasa au Kisumu akifika hapa alfajiri atatafuta sweta. Umande huwa umelala juu ya majani, na pumzi ya mtu huonekana kama moshi. Vijana wa mbio hupita wakiwa wamejifunika hadi masikioni. Kwa hali hiyo, ukimwambia mgeni huyo kwamba jua la hapa ni la kuogopwa kuliko la pwani, atakucheka. Na hapo ndipo penye kitendawili kilichonileta Kapseret.

JUA LISILOCHOMA LAKINI LINALOUNGUZA

Jua hutuletea vitu vingi kwa pamoja. Kuna mwanga, ambao tunauona, na kuna joto, ambalo tunalihisi. Kisha kuna miale ya urujuanimno, ambayo hatuioni wala hatuihisi. Hii ya mwisho ndiyo inayoharibu ngozi. Joto la Mombasa humfanya mtu atafute mwembe akae chini yake, lakini ubaridi wa Kapseret humdanganya, akashinda shambani kutwa nzima bila kofia.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila mtu anapopanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, miale hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12. Msomaji na afanye hesabu. Kapseret ikiwa katika mita 2,100 na zaidi, watu wake hupokea zaidi ya moja ya tano juu ya kile wangepokea wakiwa ufuoni chini ya anga ya aina hiyohiyo. Ongeza kwamba Eldoret iko nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta, mahali ambapo jua la adhuhuri husimama utosini karibu mwaka mzima. Wingu jepesi nalo halisaidii sana, kwani sehemu kubwa ya miale hiyo hupenya.

Mwenyezi Mungu amewapa wengi wetu ngao. Ngao hiyo ni melanini, rangi nyeusi iliyomo katika ngozi, ambayo huinasa miale kabla haijafika ndani na kuvuruga mbegu za uhai zilizomo katika chembechembe za mwili. Ndiyo maana saratani ya ngozi itokanayo na jua ni adimu kwa Mwafrika mwenye ngozi nyeusi, ilhali ni janga kubwa kule Australia, ambako wazungu wengi wanaishi chini ya jua kali ambalo ngozi yao haikuumbiwa.

Lakini si kila Mkenya aliyepewa ngao hiyo. Sensa ya mwaka 2019, iliyowahesabu watu wenye ualbino kwa mara ya kwanza, ilipata watu 9,729 nchini. Hawa huzaliwa miili yao ikiwa haiwezi kutengeneza melanini ya kutosha. Kwao, kushinda juani Kapseret ni sawa na kwenda vitani mikono mitupu.

MASWALI YA MAMA MMOJA

Karibu na kituo cha biashara nilikutana na mama mmoja mkulima, mwenye watoto wanne. Watatu ni weusi kama yeye. Wa mwisho, mvulana wa shule ya msingi, ana ualbino. Ngozi ya pua na masikio yake ilikuwa imeanza kukauka na kuwa na magamba madogo madogo, ambayo hupona kidogo kisha yakarudi.

"Mgeni, karibu. Wewe unaandika gazetini, basi nisaidie," aliniambia baada ya kunikaribisha chai. Jirani yake, kwa nia njema kabisa, alikuwa amemweleza kwamba mtoto akila karoti na nyanya kwa wingi, ngozi yake itapata nguvu ya kushindana na jua. Mchuuzi mmoja wa dawa za kutembeza naye akamwuzia tembe alizodai zimetengenezwa kwa mimea, akimwahidi kwamba baada ya miezi 3 mtoto hatahitaji kofia tena. Pesa za tembe hizo zilikuwa zimetengwa za sare ya shule.

"Mboga ninazo mwenyewe shambani," akasema. "Sasa nataka kujua: hizi tembe nizinunue tena, ama nimshonee shati la mikono mirefu? Vyote viwili siwezi."

Swali hilo ni la maana kuliko linavyoonekana. Katika nyumba nyingi, shilingi ni moja na mahitaji ni kumi. Anayekosea kuchagua hapa hulipa kwa ngozi ya mtoto.

MMEA HAUKIMBILII KIVULI

Anayesema mimea ina kinga dhidi ya jua hasemi uongo. Fikiri kidogo, msomaji. Ng'ombe akizidiwa na jua huenda chini ya mti. Mti wenyewe utakwenda wapi? Umesimama palepale tangu asubuhi hadi jioni, na unalihitaji jua hilo hilo ili ujitengenezee chakula. Kwa sababu hiyo mimea hujitengenezea kemikali za kuukinga mwili wake na madhara ya mwanga mkali.

Miongoni mwa kemikali hizo ni karotini, ambayo huipa karoti, malenge na viazi vitamu vya manjano rangi yake. Mboga za majani ya kijani kibichi zimejaa karotini vilevile, ila rangi yake hufunikwa na ile ya kijani. Kuna laikopini, iliyoifanya nyanya kuwa nyekundu. Kuna polifenoli, kundi kubwa linalopatikana katika majani ya chai, na anthosiani, rangi ya zambarau inayoonekana katika zabibu nyeusi na kabichi nyekundu.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali. Kutoka Kapseret, barabara hii hii ikiendelea hadi Mosoriot na Kapsabet, msafiri huingia nchi ya chai ya Nandi. Na kule Kericho, watafiti wa chai wa Kenya walitoa mwaka 2011 aina mpya ya mchai iitwayo TRFK 306, ambayo majani yake ni ya zambarau kwa wingi wa anthosiani.

Katika meza za wauzaji mboga wa Kapseret nilihesabu managu, saga, terere, kunde, mrenda na sukuma wiki, zote zikiwa zimechumwa asubuhi hiyo. Kogo mmoja aliyekuwa akiuza managu alinifundisha jinsi wanavyozipika. Mboga huchemshwa hadi uchungu upungue, kisha humiminiwa maziwa au malai na kuachwa jikoni zikolee. "Bila maziwa, hiyo ni dawa, si mboga," alisema, na wenzake wakacheka.

Kogo huyo hakusomea sayansi ya lishe, lakini mapishi yake yanaafikiana nayo. Karotini na laikopini huyeyuka katika mafuta. Mtu akizila bila mafuta yoyote, nyingi hupita tumboni na kutoka zilivyoingia. Mafuta yaliyomo katika malai huzisaidia kufyonzwa na mwili, na kupika huzilegeza kutoka katika majani. Hata nyanya iliyokaangwa vizuri hutoa laikopini kwa urahisi kuliko nyanya mbichi.

MAJARIBIO YALISEMA NINI

Swali linalobaki ni hili: kemikali hizo zikishaingia mwilini mwa binadamu, je, humkinga na jua jinsi zinavyoukinga mmea?

Wataalamu wa Ujerumani walilijaribu jambo hilo na kutoa matokeo yao mwaka 2001. Watu wachache wenye ngozi nyeupe walipewa gramu 40 za nyanya za kusagwa kila siku, pamoja na mafuta ya zeituni, kwa muda wa wiki 10. Kisha ngozi zao zikamulikwa kwa taa yenye miale kama ya jua. Ikaonekana kwamba wekundu wa kuungua ulipungua kwa takriban asilimia 40 ukilinganishwa na wale ambao hawakula nyanya hizo. Hiyo ni habari njema. Hata hivyo, ngozi kuwa nyekundu na ngozi kupata saratani ni mambo mawili. Saratani huchukua miaka mingi kujitokeza, na jaribio la wiki 10 haliwezi kuijibia.

Walioitafuta saratani yenyewe walipata jibu lisilofurahisha. Katika mji wa Nambour, jimbo la Queensland nchini Australia, watu 1,621 walifuatiliwa kuanzia 1992 hadi 1996. Baadhi yao walipewa tembe za beta-karotini, miligramu 30 kila siku. Baadhi walipewa mafuta ya kukinga jua wayapake kila siku kichwani, shingoni na mikononi. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1999, tembe za karotini hazikuwa zimepunguza saratani ya ngozi hata kidogo. Lakini katika kundi la waliopaka mafuta kila siku, saratani ya aina ya skwamasi, ambayo ndiyo inayowashambulia zaidi watu wenye ualbino Afrika, ilipungua kwa karibu asilimia 40.

Kuna la kutisha zaidi. Nchini Finland, wanaume 29,133 wavutaji sigara walishiriki katika jaribio la vitamini na beta-karotini. Taarifa iliyotolewa mwaka 1994 ilionyesha kwamba waliomeza tembe za karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakumeza. Kitu kilicho chema ndani ya karoti kikawa na madhara kilipotolewa humo, kikakolezwa na kumezwa kwa wingi na watu wa namna ile. Chai nayo, ambayo kemikali zake ziliwakinga panya wa maabara, haijatoa kwa binadamu kinga ya kutegemewa dhidi ya kuungua.

Isitoshe, mimea mingine humfanya mtu aungue zaidi. Maji ya ndimu yakimwagikia ngozi kisha mtu akakaa juani, ngozi yaweza kutoka malengelenge na kubaki na alama nyeusi kwa majuma mengi. Kwa hiyo anayemwambia mzazi ampake mtoto ndimu ili "kuing'arisha" ngozi humtendea ubaya.

SAHANI NA KOFIA

Je, basi tuache kula mboga? Hata kidogo. Managu, saga na nyanya zina faida tele: huongeza damu, hulinda macho ya watoto kwa vitamini A, na humpa mtu lishe ambayo mwili wenye kidonda huihitaji ili upone. Mtoto mwenye ualbino anazihitaji kama mtoto mwingine yeyote. Ila tusizipe kazi isiyo yake. Vilevile, karoti haitaondoa udhaifu wa macho unaotokana na ualbino, kwa sababu chanzo chake ni jinsi jicho na mishipa yake ilivyokua kabla ya mtoto kuzaliwa. Huyu humfaa kupimwa macho, kukalishwa mbele darasani na kupewa miwani inayomfaa.

Kinga ya kweli dhidi ya jua ni ya mambo ya kawaida. La kwanza ni kivuli, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. La pili ni nguo: shati la mikono mirefu la kitambaa kilichofumwa kwa kubana, suruali ndefu, na kofia yenye ukingo mpana pande zote. Kepu ya kawaida huacha masikio na shingo nje, na hizo ni sehemu ambazo saratani hupenda. La tatu ni mafuta ya kukinga jua yenye nguvu ya 30 au zaidi, yakipakwa kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa mbili.

Mafuta hayo ni ghali madukani, lakini kuna njia. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 serikali ya Kenya, kupitia Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, iliweka mpango wa kuwapa mafuta hayo bila malipo watu wenye ualbino waliosajiliwa. Mzazi ambaye hajamsajili mwanawe na aende kwenye afisi ya baraza hilo katika kaunti yake. Majirani zetu wa Tanzania nao walifanya jambo la kusifika: kule Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, walianza kutengeneza wenyewe mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Hata wenye ngozi nyeusi wana la kujifunza. Melanini haikingi utando wa jicho kama inavyokinga ngozi. Saratani ya utando huo, inayohusishwa na jua kali na pia na virusi vya Ukimwi, huonekana sana Afrika Mashariki. Doa au kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho na kuendelea kukua kisipuuzwe. Mkulima, mwendesha boda boda na mkimbiaji wa mbio ndefu wote wafikirie kofia na miwani ya jua.

SHULE NA JUA LA GWARIDE

Katika matembezi yangu niligundua kwamba mara nyingi kikwazo si umaskini pekee. Yule mama alinieleza kwamba mwanawe huvuliwa kofia katika gwaride la asubuhi, kwa kuwa kofia si sehemu ya sare. Michezo hufanywa mchana, na mtoto asiyetaka kuonekana tofauti na wenzake hukimbia uwanjani bila kitu kichwani. Wenzake humtania kwa majina ambayo sitayaandika hapa.

Walimu wetu wana nafasi ya kuokoa maisha bila kutumia senti. Kumruhusu mtoto mmoja avae kofia na mikono mirefu, kusogeza kipindi cha michezo kifanywe jua likiwa limepungua, na kuwafundisha wengine kwamba ualbino hauambukizwi wala si laana, ni mambo yanayohitaji uamuzi tu. Tafiti zilizofanywa Nigeria na Tanzania katika miaka ya 1970 na 1980 zilionyesha kwamba madhara ya jua kwa watu wenye ualbino huanza utotoni kabisa. Anayengoja mtoto awe mtu mzima ndipo amnunulie kofia, amechelewa.

Dalili za kuangaliwa ni kidonda kisichopona kwa majuma kadhaa, gamba gumu linalorudi mahali palepale, au uvimbe unaotoka damu ukiguswa. Ikigunduliwa mapema, saratani hii hukatwa na mtu akapona. Watu wa Kapseret wana bahati kwamba Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, yenye kituo cha saratani, iko papo hapo Eldoret, safari ya matatu moja tu.

Nilimweleza yule mama haya yote kadiri nilivyoyafahamu. Alinyamaza kidogo, akamtazama mwanawe aliyekuwa akichezea gari la waya kibarazani, akamwita asogee kivulini. Kisha akaniuliza kama najua fundi cherehani anayeshona kofia zenye ukingo mpana, kwa maana za dukani zote ni kepu. Tukaenda pamoja kwa fundi mmoja kando ya barabara, akampima mtoto kichwa kwa kamba, akasema zitakuwa tayari mbili kufikia Jumamosi, moja ya shule na moja ya nyumbani.

Magamba ya puani nayo hayakusahauliwa. Tulikubaliana kwamba siku ya kliniki ampeleke hospitali yakaangaliwe na mganga. Managu yataendelea kupikwa kwa malai jioni, kwa sababu ni matamu na yana afya. Ila ndugu msomaji, uwe Kapseret, Nyahururu au Nairobi, mahali popote penye baridi ya kukufariji na jua la kukuvizia, mlishe mtoto wako mboga, na kabla hajatoka mlangoni, mvishe kofia.